Muulize Bi Masijala: Nani Alitaka Babu Yako Aandikwe?

Likizo imepita, watu wamekwenda kwao, wamezika, wameozesha, wamekaa mkekani na wazee. Wakarudi mjini wakiwa na maswali ambayo walipaswa kuyauliza zamani. Ndiyo maana mfuko wa barua mwezi huu umejaa habari za ukoo. Nimechagua chache. Mliouliza habari za hati za viwanja, subirini toleo lijalo.

*Shikamoo Bi Masijala. Babu mzaa baba alikuja Tanga kukata mkonge akitokea Kigoma, akafia huku huku mwaka 1983. Shambani wakimwita Saidi Kigoma. Jina la kwao hakuna anayelijua, wala kijiji. Baba anakumbuka mambo mawili tu: kwamba babu alikuja baada ya vita vya Hitler, na kwamba alipenda kujigamba kuwa huko kwao anatawala mwanamke. Nimekwenda ofisi ya shamba, nikaambiwa makaratasi ya zamani yalishachomwa. Nianzie wapi? — Mjukuu wa manamba, Muheza*

Marahaba mwanangu. Hilo la mwanamke kutawala mnalichukulia kama majigambo ya mzee, kumbe ndilo ramani. Enzi ya Mwingereza wanawake watawala katika Tanganyika walikuwa wa kuhesabika, na Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, alikuwapo mmoja aliyejulikana nchi nzima: Mwami Theresa Ntare wa Heru, huko Kasulu. Alishika utawala miaka ya 1940, vita vilipokwisha. Buha ilikuwa na tawala kadhaa, ikiwamo Muhambwe, Buyungu na Bushingo, na kila moja ilikuwa na mwami wake. Kwa neno lile moja la babu umeshatoka kwenye mkoa mzima wa Kigoma ukaingia kwenye eneo unaloweza kulizunguka kwa pikipiki.

Sasa tuje kwenye makaratasi. Mimi nimekaa masijala ujana wangu wote, na kitu ninachowaambia vijana wote ni hiki: kabla hujauliza karatasi iko wapi, jiulize nani alitaka babu yako aandikwe, na kwa faida gani. Hakuna karani aliyepoteza wino kwa mapenzi.

Karani wa shamba la mkonge alimwandika ili amlipe. Alihitaji namba na kipande, zile siku thelathini za kazi zikitiwa alama moja moja. Baba yake Saidi ni nani, hilo halikumhusu, hivyo hata kama yale makaratasi yasingechomwa usingepata kitu kikubwa humo. Aliyetaka kujua zaidi ni yule aliyemchukua kwao. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyokwenda kuwatafuta watu mikoa ya mbali, Kigoma ikiwamo. Mkataba wa kibarua ulikuwa na dole gumba, na ulitaka kujua mtu katoka kwa mtawala gani, kwa sababu akitoroka walitaka kujua pa kumfuata. Wa tatu ni serikali, iliyotaka kodi, na kodi ya mtu ilimfuata kwao, haikumfuata Muheza. Kwa hiyo jina lake la kuzaliwa, kama liliandikwa popote, liliandikwa upande wa Kasulu.

Mabaki ya mambo hayo yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Omba mafaili ya kazi na ya utawala ya Kigoma na Kasulu, na uulizie vile vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri walikuwa wakiandika habari za watawala, koo na mila za kila wilaya. Nakutahadharisha: utakuta barua nyingi za wazungu wakilalamikiana kuhusu idadi ya vibarua, na majina machache ya vibarua wenyewe. Usiende huko kwanza.

Kwanza nenda kwenye ile kambi. Babu yako hakufika Tanga peke yake. Walikuja kwa makundi, treni ya Reli ya Kati kisha lori, na waliokuja pamoja waliishi jirani, wakazikana. Tafuta vikongwe, hasa wanawake, maana wanaume wa mkonge wengi wamekwisha kufa. Usiwaulize "babu yangu alitoka wapi", watakujibu Kigoma. Waulize mambo yaliyohitaji jina. Babu alipomwoa bibi yako, nani alisimama upande wake? Nani alipeleka posa? Sheikh aliyefungisha ndoa hakuridhika na "Saidi", aliuliza Saidi bin nani. Kama kuna cheti cha ndoa, au daftari la msikiti, jina la baba yake limo. Na siku ya maziko, aliyesoma talakini alimwita marehemu kwa jina la mama yake. Aliuliza jina hilo, na mtu akamjibu. Kama halikujulikana, ilibidi aseme "mwana wa Hawa", na hapo pia umejifunza kitu: kwamba kufikia 1983 waliomjua kwao walikuwa hawapo tena kambini.

Muulize na baba yako maneno yasiyo Kiswahili ambayo babu aliyatumia akikasirika au akibembeleza mtoto. Yaandike kama yanavyosikika. Mtu anabadili jina, anabadili dini, lakini tusi la kwao halibadili.

Ukishakusanya hayo, nenda Kasulu. Fika siku ya gulio, nenda ofisi ya kata, nenda parokiani na msikitini. Usiulize kama wanamjua Saidi Kigoma, maana Saidi Kigoma amezaliwa Tanga. Uliza ni nyumba gani ilimtoa kijana kwenda mkonge baada ya vita asirudi. Nyumba iliyopoteza mtu haisahau. Na siku ya kwanza kabisa, kabla ya chai, sema mbele ya watu kwamba hukuja kudai shamba. Usiposema hivyo utashangaa jinsi kijiji kizima kinavyoweza kusahau kwa pamoja.

*Bi Masijala, salamu kutoka pwani ya Kenya. Bibi yake bibi yangu alilelewa Frere Town. Nyumbani tunasema tu kwamba alikuwa "mtoto wa misheni". Nikiuliza zaidi mjomba hukasirika, husema ukoo wetu si kisima cha kuchimbwa. Nataka kuandika lakini sitaki kuvunja familia. — Dada wa Kisauni, Mombasa*

Dada yangu, wewe na mjomba nyote mnajua jibu, ila yeye hataki litamkwe. Frere Town ilianzishwa na CMS, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, mwaka 1875 ili kuwapokea watu waliokuwa wameporwa makwao, wakakutwa na manowari za Waingereza wakiwa ndani ya majahazi. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikuwa imepigwa marufuku kwa mkataba aliotiwa shinikizo Sultani Barghash mwaka 1873, lakini majahazi hayakuacha kusafiri usiku. Mtoto aliyelelewa pale miaka ile, uwezekano mkubwa ni kwamba alishushwa jahazini yeye au wazazi wake. Kengele yao ingali pale Kengeleni, unapita karibu nayo kila ukienda mjini.

Kwa bahati yako, misheni ilikuwa na sababu ya kuandika. Ilihitaji kuhesabu roho, na ilihitaji kuwaonyesha wafadhili Uingereza fedha yao imefanya nini. Kwa hiyo kuna madaftari ya ubatizo na ndoa, na kuna ripoti na barua nyingi. Anza na kanisa lenu, kisha Rabai, ambako misheni ilikuwako tangu 1846 na ambako watu wa Frere Town walioana na kuhamia. Siku hizi pana makumbusho pale Rabai. Karatasi za makao makuu ya CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham. Huna haja ya kupanda ndege, waandikie wahifadhi barua fupi yenye jina moja, mwaka unaokisia na mahali. Barua fupi hujibiwa.

Ukilipata jina lake utakuta ni la Kizungu au la Biblia, huenda na kabila pembeni: Myao, Mnyasa, Mmakua. Hilo kabila lichukue kwa vidole viwili. Mtoto aliyeulizwa kwa mkalimani, baada ya kuuzwa mara mbili tatu, alitaja lugha aliyokuwa akisemeshwa njiani, au karani aliandika jina la bandari alikopakiwa. Andika "daftari linasema Mnyasa". Usiandike "tulikuwa Wanyasa".

Kuhusu mjomba. Tusimfanye mjinga. Amekulia katika miji ambayo posa zilivunjika kwa sababu ya neno moja lililonong'onwa ukumbini, na mirathi ikagombewa kwa neno hilo hilo. Anaulinda mlango ambao watu kweli waliwahi kuupiga mateke. Mimi kwa maoni yangu ukoo wenu hauna cha kuficha, mwenye kuficha uso ni aliyemuuza mtoto. Lakini maoni yangu hayataoa wala hayatarithi, familia ni yenu.

Fanya hivi. Muulize mjomba habari za bibi mwenyewe. Aliimba nyimbo gani? Alipika nini ambacho majirani hawakukipika? Alimwita nani dada ilhali hawakuzaliwa pamoja? Mzee anayekataa kusema tulitoka wapi atasema saa nzima juu ya mikate ya bibi yake, na ndani ya mikate mna majina ya watu. Kisha andika daftari mbili. Moja ni ya wote, ina majina, ndoa, watoto na mikate. Ya pili ina kila ulichokikuta, pamoja na kurasa ulizopigia picha, na inakaa kwa watu wawili wenye vifua, mmoja akiwa kijana. Hiyo ya pili isiingie kwenye kundi la simu, hata kwa bahati mbaya, mradi mjomba yu hai.

*Shikamoo Bi. Mama yetu amefariki, ameacha sanduku la barua za kutoka Unguja na Pemba, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Watoto wangu wanasoma Kiarabu lakini Kiswahili chao ni cha kuombea maji. Mimi Kiswahili ndicho changu lakini herufi zile za mkono zanishinda. Jirani amenishauri nizipige laminesheni zisichakae. — Binti Mkubwa, Muscat*

Marahaba, na pole sana kwa mama.

Laminesheni hapana. Mashine ile huyeyusha plastiki kwa moto ikaingia kwenye karatasi, na haitoki tena. Wino wa zamani waweza kubadilika rangi, na karatasi iliyoanza kuoza inaendelea kuoza humo ndani, ila sasa huwezi kuigusa. Gundi ya karatasi, selotepu na pini za chuma pia zikae mbali.

Nawa mikono, ikauke. Kunjua barua moja moja mezani karibu na dirisha, usilazimishe mkunjo mkavu. Piga picha pande zote mbili bila kumulika flashi, na usiisahau bahasha, maana muhuri wa posta una mji na tarehe hata pale mwandishi alipokuwa na haraka. Namba andika kwa penseli laini kwenye karatasi ya kufungia, usiandike juu ya barua yenyewe. Kisha boksi la karatasi ngumu, kabatini ndani, mbali na ukuta unaopigwa na jua.

Kuzisoma ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu nyumbani kwako mna msomaji na mna msikilizaji, ila hawajakalishwa pamoja. Mkalishe mwanao asome polepole kwa sauti, herufi baada ya herufi, bila kutaka maana. Wewe fumba macho usikilize. Kumbuka kwamba maandishi yale hayakuwa na herufi kwa kila sauti yetu: wengi waliandika *b* moja kwa b, p na mb, *sh* ikabeba na ch, *f* ikabeba na v, *gh* ikabeba na g na ng'. Mwanao akisoma "kuba", wewe jaribu "kupa" na "kumba" uone ipi inakaa. Anzeni na salamu za mwanzo, maana barua zote huanza karibu sawa. Mkishazijua, mtakuwa mmeujua mwandiko wa kila mtu.

Tarehe nyingi zitakuwa za Hijria. Msitoe tu idadi fulani ya miaka, mwaka ule ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, hivyo tofauti inasogea. Kwa mfano 1355 ulianza Machi 1936 ukaisha Machi 1937. Tumieni jedwali la kubadilishia.

Mkikuta humo hati ya nyumba au ya wakfu, itengeni. Unguja ilikuwa na Kamisheni ya Wakfu tangu 1905, na mwenye kusimamia wakfu alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kuandika nani kazaliwa na nani, kwa hiyo Nyaraka za Taifa pale Kilimani mna mengi ya kulinganisha. Na barua za baada ya Januari 1964 someni nyinyi wenyewe hadi mwisho kabla ya kuzisambaza kwa jamaa. Watu waliandikiana mambo mazito mwaka ule, na wengine waliotajwa wana watoto wanaosalimiana leo.

*Bi Masijala, kitambulisho cha bibi kinasema alizaliwa 1 Januari 1940. Yeye anasema si kweli, ila hajui ni lini. Nikimhoji ananijibu "nimesahau", na nikiwasha simu kurekodi ananyamaza kabisa. — Kijana wa Kongwa*

Tarehe mosi Januari! Ukipitia madaftari yetu utadhani nusu ya nchi ilizaliwa siku moja, na wakunga walikoma. Ni tarehe ya karani aliyekuwa na foleni mlangoni.

Lakini wewe uko Kongwa, na Kongwa ina saa yake. Mwaka 1947 Waingereza walileta ule mradi wa karanga, wakaja na matrekta ya kung'oa mibuyu, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, na kufikia 1951 wakawa wameshindwa. Hakuna mtoto wa Kongwa wa wakati ule asiyekumbuka ngurumo. Muulize bibi: matrekta yalipokuja, ulikuwa umeshabeba mdogo wako mgongoni? Ulikuwa umeshachezwa unyago? Akisema alikuwa ameshachezwa, huyo hakuzaliwa 1940, mrudishe nyuma hadi 1934 hivi. Kwa mama yake, uliza habari za Mtunya, ile njaa iliyoimaliza Ugogo kuelekea 1919: alizaliwa kabla, au ni wa baada? Kwenye daftari andika mwaka na sababu yake, "takriban 1934, kwa kuwa alikuwa ameshachezwa matrekta yalipofika", ili atakayekuja apinge sababu. Kitambulisho kiache kilivyo. Kubadili tarehe huko ni safari nyingine, na ina nauli.

Kuhusu kunyamaza: acha kuhoji. Bibi amewahi kuulizwa maswali na watu wenye kalamu, na kila mara baadaye kulitoka kodi. Kaa naye mchambue mboga, kisha simulia wewe, tena ukosee makusudi. Sema matrekta yalikuja wakati wa Nyerere. Hatavumilia. Simu mwombe ruhusa mchana kweupe, iweke chini ya kanga isionekane ikimkodolea, na mwanzo wa kila rekodi taja tarehe, mahali na jina lake.

*Babu alichukuliwa KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapotelea Burma. Kaburi liko wapi? — Kisumu*

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, bure. Tafuta kwa jina kwa kila namna ya kuliandika, kisha kwa namba ya jeshi kama mna barua yoyote ya serikali iliyomletea bibi habari. Askari wasio na kaburi wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan.

Wengine wawili walioniuliza juu ya wabeba mizigo wa vita vya kwanza, wale wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, jibu lao ni chungu zaidi. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, na huenda wakafika 350,000. Aliyewahitaji alihitaji mabega. Hapo orodha haitakusaidia, mkae na wazee wa kijiji na mwandike kila jina wanalolitaja la aliyekwenda asirudi.

*Nipime DNA? — Toronto*

Ukiwa na fedha ya ziada. Kipimo kinakulinganisha na waliopima, na wa kwetu waliopima ni wachache, hivyo utapewa asilimia za eneo pana, hutapewa kijiji. Ila kinaweza kukupa ndugu wa baba mmoja usiyemtarajia. Kama mzee yu hai, mwambie kabla hujatema mate kwenye kichupa.

*Picha za ukoo tunatumiana kwa WhatsApp, zinazidi kufifia. — Arusha*

Hazififishwi na umri, zinabanwa kila zinapotumwa. Tuma kama faili, usitume kama picha. Ile ya asili aiskani mtu mmoja kwa 600 dpi, ahifadhi nakala sehemu mbili. Na nyuma ya picha yenyewe andikeni majina kwa penseli, kuanzia kushoto, wakiwamo watoto wote wa mbele. Akiwamo na yule asiyejulikana, andikeni "hajulikani", msimruke.